Chakula cha Baada ya Homa

Sisi watu wa Pwani tunajua kumjali mgonjwa kwa chakula. Ikisikika tu kwamba fulani kalala na homa, siku hiyo hiyo hotipoti zinaanza kupita mlangoni: wali wa nazi, kuku wa kukaanga, chapati, ndizi nyama. Majirani wanaingia na mifuko ya matufaha na chupa za juisi, na kila mmoja anauliza, "Umekula nini?" Mgonjwa wakati huo hawezi hata kuvumilia harufu ya kitunguu kinachokaangwa uani. Wiki ya pili homa imeondoka, anaamka na njaa, anakuta jiko limepoa. Watu wamerudi kwenye shughuli zao, maana mgonjwa ameshapona. Nimeuguzwa na nimeuguza, na nimefikia kuamini kwamba mpangilio wetu umepinduka: tunamlisha mtu siku ambazo hawezi kula, na tunamwacha siku ambazo mwili wake unadai chakula.

Hayo niliyaona kwa macho yangu mwaka 2019, masika ile dengue ilipotanda Dar es Salaam. Haukuwa mlipuko wa kwanza. Mwaka 2014 nao watu wengi wa jiji hili waliugua. Mbu wake, Aedes, mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana na huzaliana kwenye maji yaliyotuama karibu na watu: ndoo isiyofunikwa, tairi kuukuu, kifuu cha nazi kilichotupwa nyuma ya nyumba. Chandarua cha usiku hakisaidii sana dhidi yake. Uani kwetu Kinondoni, tulipokuwa tumepanga familia kadhaa, walianza kuugua watoto wa jirani, kisha zamu yangu ikafika.

Homa ilinishika kazini. Kichwa kiliuma, macho yaliuma kwa nyuma yake kila nilipoyageuza, na mgongo na magoti yaliuma kama niliyepigwa. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Kipimo cha dengue kilionyesha. Daktari alinieleza waziwazi kwamba hakuna dawa ya kuua kirusi hicho. Nimeze paracetamol kwa kipimo, nisiguse aspirini, ibuprofen wala diclofenac kwa sababu zinaongeza hatari ya kutoka damu, nipumzike, nirudi kupimwa damu. Akamalizia kwa maneno ambayo kila aliyewahi kuugua ugonjwa wa virusi ameyasikia: "Unywe maji mengi, ule vizuri."

Kula vizuri ndiko kupi? Hakuna aliyeniambia mpaka Mama Mdogo aliposhuka kwenye basi la Tanga.

Mama Mdogo ni nesi mstaafu, na sehemu kubwa ya utumishi wake aliitumikia wodi ya watoto. Aliingia chumbani, nikamwamkia shikamoo kwa sauti iliyokauka. Akaitikia, "Marahaba, baba," akanigusa shingo kwa mgongo wa kiganja, kisha akauliza swali ambalo hakuna mgeni mwingine aliyekuwa ameliuliza: "Umekojoa saa ngapi?"

Nilikuwa sikumbuki. Akatoka na hotipoti zote zilizokuwa juu ya meza, akazigawa kwa watoto wa uani, akarudi na jagi la lita moja na kikombe kidogo cha kahawa. "Leo na kesho sitakuuliza habari ya wali," alisema. "Leo na kesho ni maji tu, na yaende yakirudi."

Maji yenyewe hakuwa akinipa matupu. Mwili wenye homa hupoteza maji kwa jasho na kwa pumzi, ukitapika unapoteza zaidi, na pamoja na maji huondoka chumvi. Ukijaza tumbo maji matupu peke yake kwa siku nzima unaweza kuizimua chumvi iliyobaki mwilini. Kwa hiyo jagi lile lilikuwa na ORS ya pakiti, ile ile wanayopewa watoto wenye kuhara. Pakiti zikiisha kuna ya kutengeneza nyumbani: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, visiwe vya kujaa kilima. Kipimo kinafaa kufuatwa, kwa sababu chumvi ikizidi inadhuru na sukari ikizidi inaweza kuleta kuhara. Sukari haiko pale kwa ajili ya utamu. Utumbo huvuta sukari na chumvi kwa pamoja, na zikipita hivyo, maji huzifuata.

Mama Mdogo alikuwa na hadithi aliyokuwa akiwasimulia manesi wanafunzi, akanisimulia na mimi huku akinishikisha kikombe. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walikuwa wakifa kwa kipindupindu katika kambi ya Bangaon, India. Dripu zikapungua. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwanywesha wagonjwa mchanganyiko wa sukari na chumvi, wakisaidiwa na ndugu zao wenyewe, na vifo vikashuka sana. "Ndugu zao wenyewe," alirudia. Hilo ndilo alilotaka nilishike, na dada yangu aliyekuwa amesimama mlangoni alishike pia: kazi hii haingoji nesi.

Kikombe cha kahawa nacho kilikuwa na sababu. Tumbo lenye kichefuchefu halipokei bilauri. Linapokea funda moja, likatulia, likapokea lingine. Nikitapika, alisubiri dakika chache, akaanza tena kwa kijiko. Kati ya jagi moja na jingine nilipewa madafu. Kijana wa baiskeli alipita kila asubuhi, akiyachonga kwa panga palepale barabarani, na dada alichagua yale machanga yenye maji mengi. Maji ya dafu yana potasiamu kwa wingi, lakini sodiamu yake ni kidogo, na ndiyo maana Mama Mdogo aliyapokezanisha na ORS wala hakuyafanya mbadala wake. Mwenye ugonjwa wa figo asijinywee madafu bila kumuuliza daktari wake, maana potasiamu ikimzidi ni hatari. Na mwenye kisukari asijazwe juisi na soda kwa jina la kuongezewa nguvu.

Kipimo chake cha mafanikio kilikuwa choo. Mgonjwa wa dengue anayekunywa vya kutosha hukojoa angalau kila baada ya saa 4 hadi 6. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, ongeza maji. Ukiwa hautoki kabisa, mpeleke hospitali. Tangu hapo nimeuguza ndugu zangu wenye mafua makali, wenye homa za kuhara, na mmoja mwenye UVIKO, na nimekuta swali lile la Mama Mdogo linanieleza hali ya mgonjwa haraka kuliko swali la chakula.

Wageni hawakuacha kuja. Mmoja, mama wa makamo tunayeheshimiana sana, alileta chupa kubwa ya juisi ya rozela, nyekundu iliyoiva, na mwingine juisi ya kiazisukari. "Hii itamwongezea damu," walisema, na walisema kwa upendo. Mama Mdogo aliwashukuru, akazipeleka kwenye friji, na walipoondoka alimketisha dada yangu chini.

Katika dengue, alieleza, mishipa midogo ya damu huanza kuvuja. Kinachovuja ni sehemu ya majimaji. Chembe nyekundu hubaki ndani. Hivyo damu ya mgonjwa haipungui wekundu, bali huwa nzito, na daktari anapopima wingi wa chembe nyekundu siku hadi siku anatazama kama kiwango kinapanda. Kinachoshuka ni chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, na hizo hazipandishwi na rozela wala kiazisukari. Mtu anayemwona mgonjwa amepauka na kuyumba anafikiri damu imekauka, kumbe maji ndiyo yaliyopungua. Halafu kuna jambo la pili, dogo lakini la maana: mgonjwa wa dengue akitapika damu, au choo chake kikiwa cheusi, hiyo ni dalili ya hatari. Ukiwa umemjaza vinywaji vyekundu, akitapika utajuaje? Rozela isubiri. Ni kinywaji kizuri, na baadaye nilikinywa kwa furaha.

Majani ya mpapai nayo yalifika, kama yanavyofika katika kila nyumba yenye dengue hapa mjini. Yalikuwa yametwangwa, yakakamuliwa, yakawekwa kwenye chupa ya maji, kijani kibichi na uchungu wake unausikia kabla hujakifungua kizibo. Yapo majaribio ya kitabibu yaliyofanywa huko Asia yaliyoonyesha kwamba dondoo la majani hayo linaweza kuharakisha kidogo kupanda kwa chembe sahani. Haijathibitishwa kwamba linaokoa maisha, wala Shirika la Afya Duniani halijaliweka kwenye matibabu ya dengue. Mama Mdogo hakuingia kwenye mjadala huo. Alionja tone kwenye ncha ya ulimi, akakunja uso, akaniambia, "Ukiyatapika haya, baba, utayatapika na maji yote niliyokunywesha tangu alfajiri." Nadhani hoja hiyo inatosha kwa dawa nyingi za mitishamba tunazomlazimisha mtu mwenye kichefuchefu: tangawizi kali, kitunguu saumu kibichi, malimao kwenye tumbo tupu. Chai ya tangawizi nyepesi inaweza kutuliza tumbo. Jagi zima la tangawizi iliyosagwa linaliunguza, na mgonjwa aliyeunguzwa tumbo hali tena.

Chakula cha kwanza cha maana kilikuwa uji wa mchele, na nataka kueleza ulivyopikwa kwa sababu ndio chakula ninachompikia mgonjwa mpaka leo. Mama Mdogo alichukua kikombe kimoja cha mchele, akauchambua, akautwanga kidogo kwenye kinu cha kutwangia vitunguu mpaka kila punje ikavunjika vipande viwili au vitatu. Usiwe unga; ukiwa unga uji unakuwa mzito kama gundi na unamshinda mgonjwa kumeza. Akauosha, akautia kwenye sufuria yenye maji mengi na moto mdogo, akakoroga mara kwa mara mpaka punje zikachanuka na maji yakawa meupe. Nazi aliikuna mwenyewe, akachuja tui mara mbili, na lile la kwanza, zito lenye mafuta, akaliweka kando kwa ajili ya mboga ya wenye afya. Uji ulipata tui la pili, jepesi, na chumvi ya kutosha mtu kuisikia. Hakutia iliki wala mdalasini. Harufu kali humrudisha mgonjwa nyuma. Akaupoza mpaka ukawa vuguvugu, akaniletea nusu bakuli.

Hakuniuliza kama nataka. Wazee walishasema mgonjwa haulizwi uji, na sasa naelewa kwa nini. Ukimuuliza mtu mwenye homa utakula nini, unamtwisha kazi ya kufikiri chakula wakati fikra ya chakula ndiyo inayomchefua. Atakujibu sitaki, nawe utaondoka ukiwa umeridhika kwamba umeuliza. Mletee kidogo, kiweke mbele yake, kaa naye. Akila vijiko vinne, hivyo vinne vimeingia.

Kukosa hamu ya kula si ukaidi wa mgonjwa. Kinga ya mwili inapopambana na kirusi hutoa kemikali zinazouambia ubongo ufunge hamu ya chakula. Kwa mtu mzima aliyekuwa na afya, siku chache za kula kidogo hazimdhuru mradi anakunywa. Kwa mtoto mdogo, mjamzito, mzee, au mtu aliyekwishakonda kabla ya kuugua, hesabu ni nyingine, na hao wanahitaji mtu wa kuwafuatilia mlo kwa mlo. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi. Mtoto mwenye surua apelekwe kituo cha afya apewe vitamini A, kwa sababu surua huimaliza akiba yake na inaweza kumharibu macho. Hilo halingoji matokeo ya uji.

Homa yangu ilishuka ghafla, asubuhi moja. Nilijisikia mwepesi, dada akapiga simu kwa ndugu kuwapa habari njema, na wageni waliofika siku ile walisema alhamdulillah wakaaga mapema. Mama Mdogo ndiye pekee ambaye hakufurahi. Alivuta kiti karibu na kitanda, akaanza kunihesabia maji upya. Katika dengue, saa 24 hadi 48 zinazofuata kushuka kwa homa ndizo zenye hatari kubwa, kwa sababu ndipo mishipa inapovuja zaidi kwa wale wanaozidiwa. Tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi au pua kutoka damu, kupumua kwa shida, kulegea au kuhangaika kusiko kwa kawaida: lolote kati ya hayo ni safari ya hospitali, usiku ule ule, wala si la kungoja asubuhi au kujaribu supu kwanza. Chakula hakina kazi hapo. Mimi nilivuka salama, vipele vikanitoka, viganja vikawasha, kisha njaa ikaja.

Njaa ile sijawahi kuiona tena. Nilikuwa nimekonda mpaka suruali ikahitaji mkanda, mapaja yamelegea, na kupanda ngazi chache za ofisini kulinitoa jasho. Mwili wenye homa hutumia nguvu zaidi ya kawaida. Kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka huongeza matumizi kwa takribani asilimia 10 au zaidi kidogo. Na kwa kuwa huli, mwili unajilipa wenyewe: huvunja misuli upate protini ya kuendeshea vita. Misuli hiyo hairudi kwa kulala wala kwa maji ya glukosi. Inarudi kwa chakula chenye protini na kwa kuanza kutembea polepole.

Na hapo ndipo nilipoona jinsi nyumba inavyokuwa tupu. Hotipoti zilikuwa zimekoma. Kazini walinitarajia, na bosi aliponiona nimesimama kwa miguu yangu akadhani nimerudi mzima. Lau si Mama Mdogo kukataa kurudi Tanga, ningekuwa nakunywa chai ya rangi na maandazi asubuhi na kungoja wali wa usiku, kama vijana wengi wa mjini wanavyofanya wakitoka kuugua, kisha wanashangaa kwa nini mwezi mzima hawana nguvu.

Alinipangia milo mitano. Mitatu ya kawaida, mmoja saa 4 asubuhi, mmoja kabla ya kulala. Yai la kuchemsha kila siku, lililoiva mpaka kiini, kwa sababu ile desturi ya kumpigia mgonjwa mayai mabichi kwenye maziwa inaweza kumletea bakteria wa tumbo wakati bado ni dhaifu. Maharage na wali, ambavyo kila kimoja kinaziba upungufu wa protini ya mwenzake. Dagaa waliooshwa vizuri na kupikwa kwa nyanya na nazi, wanaoliwa na mifupa yao yote, hivyo na madini ya chokaa yanapatikana. Maziwa ya mgando. Samaki wa kuchemsha mwenye ndimu. Jirani yetu kutoka Machame alituonyesha namna ya kupika mtori, ndizi na nyama vikachemshwa pamoja mpaka vikaiva kabisa, ndizi zikapondwa, nyama ikachambuliwa ndogo ndogo ndani yake, na kwa mtu ambaye bado anachoka hata kutafuna sijaona mlo unaoushinda ule.

Supu ya kuku inastahili neno la peke yake. Majumbani mwetu kuku wa mgonjwa huchinjwa, supu nyepesi akapelekewa mgonjwa, na mapande ya nyama yakaliwa na wazima na wageni. Siku za homa hakuna ubaya: ile supu ina maji, chumvi na joto, na ndivyo anavyohitaji. Lakini sehemu kubwa ya protini iko kwenye nyama. Anayepata nafuu akipewa mchuzi mtupu, amenyimwa kile hasa ambacho kuku alichinjiwa. Wataalamu wa lishe hupendekeza mzee anayeugua au anayepona apate gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, wakati kiwango cha kawaida cha mtu mzima ni gramu 0.8. Bibi wa kilo 60 anahitaji basi gramu 72 hadi 90. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva karibu 15, kipande cha samaki au kuku cha ukubwa wa kiganja 20 na zaidi. Piga hesabu uone kama chai na mkate vinaweza kumfikisha huko.

Matunda hayakuwa yale ya wageni. Tufaha limekuwa tunda la kumpelekea mgonjwa mjini, na mengi ya yale tunayonunua Dar yanatoka Afrika Kusini kwa bei yake. Pera lililoiva, linaloanguka na kuoza uani msimu wake ukifika, lina vitamini C mara nyingi zaidi ya tufaha, na lina zaidi ya chungwa pia. Mama Mdogo alileta machungwa ya Muheza kwenye kikapu, akaninunulia mapera na paipai bivu sokoni, na matufaha akawaachia watoto. Pombe alinikataza kabisa, kwa sababu dengue hugusa ini, na ini lililotoka kuugua halifai kutwishwa. Vyakula vya kuzama kwenye mafuta nilivikataa mwenyewe. Tumbo lilikuwa bado halijavitaka.

Si kila kirusi kinaacha mwili katika hali moja. Ndugu yangu aliyepata UVIKO alipoteza kunusa, na pilau ikawa kwake sawa na karatasi. Kwake tulitumia vile ambavyo ulimi unavisikia bila msaada wa pua: uchachu wa ukwaju na ndimu, chumvi, pilipili kidogo, na kitu cha kutafuna chenye mlio, kama karanga za kukaanga juu ya mtindi. Alikula. Kipimo ni kile kile, kutazama mwili wa aliye mbele yako unaweza kupokea nini leo.

Jioni moja, karibu na kuondoka kwake, Mama Mdogo alinikuta nikimaliza bakuli la mtori akasema jambo ambalo limenikaa. "Mwanamke akijifungua tunamlea siku arobaini. Uji wa pilipili manga, supu, kuku, mafuta, hafui, hachoti maji. Hakuna anayesema amepona siku ya tatu kwa kuwa kasimama. Mtoto kliniki akitoka kuhara tunamwambia mama amwongezee mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili. Sasa ninyi wanaume na wanawake wa maofisini, mmetoka kupigwa na dengue, nani kawaambia ninyi hamlelewi?"

Nimelifikiria sana swali hilo. Ujuzi wa kumlisha mtu anayepona tunao, umo jikoni kwa mama zetu kwa karne nyingi, umepangiwa mpaka siku na viungo vyake. Tumeufungia kwa mzazi peke yake. Aliyetoka na homa ya virusi, ambaye misuli imemwisha na kazi inamngoja, tunamhesabu mzima siku kipimajoto kinapomwachia. Na gharama si kisingizio: mayai, maharage na dagaa wa wiki nzima havifiki bei ya zile katoni za juisi na makopo ya vinywaji vya nguvu tunavyomrundikia akiwa hoi.

Basi ndugu msomaji, masika ikija na homa ikiingia mtaani kwako, siku za kwanza mpelekee mgonjwa ORS na madafu, umuulize kakojoa saa ngapi, umwache alale. Na kama uwezo wako ni kuku mmoja tu, mpelekee wiki ya pili, na nyama ale yeye.